Pampu ya Pumu: Ipi Inatibu Uvimbe wa Njia za Hewa, na Vipi kwa Aliyefunga



Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, swali la pampu ya pumu hurudi: je, anayevuta pampu mchana swaumu yake ipo au imebatilika? Kauli za maulamaa tutazitaja hapa chini. Lakini tumeona kwamba swali lenyewe mara nyingi huulizwa nusu. Muulizaji husema "pampu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali pampu za pumu ni za namna mbili na kazi zao ni mbali mbali. Moja hufungua kifua kwa dakika chache na ugonjwa hauugusi. Nyingine hutibu ugonjwa wenyewe, na hiyo haina haja ya kuvutwa mchana. Wengi wetu tunaijua ile ya kwanza tu, na hapo ndipo penye hatari, Ramadhani na miezi mingine yote.

Kinachotokea ndani ya kifua

Mtu akibanwa na pumu tunamwona anavyohangaika na pumzi na tunausikia mlio kama wa filimbi. Ndani, mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Misuli myembamba inayozunguka vijia vya hewa hukaza. Utando wa ndani wa vijia hivyo huvimba na kuwa mwekundu. Kisha ute mzito huzidi na kuziba nafasi ndogo iliyobaki.

Tunaposema uvimbe hapa hatukusudii jipu wala saratani. Fikiria ngozi inavyofura na kuwasha baada ya kuumwa na mdudu, au jicho linavyokuwa jekundu likiingiwa na vumbi. Uvimbe wa pumu ni wa namna hiyo, ila uko mahali tusipopaona.

Wanaouleta ni askari wa mwili wenyewe. Mwili wa mwenye pumu huyachukulia vumbi la godoro, manyoya ya paka au ukungu wa ukutani kuwa ni adui. Chembe za damu ziitwazo eosinofili hukusanyika katika kuta za njia za hewa na kumwaga kemikali zinazochubua utando. Chembe nyingine humwaga histamini, ambayo hukaza misuli papo hapo. Utando uliochubuka huchokozeka kwa kitu kidogo: moshi wa jikoni, baridi ya alfajiri, mafua ya siku mbili, hata kicheko kirefu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitarajii. Uvimbe huu upo hata kwa mwenye pumu nyepesi, yaani yule anayebanwa mara moja moja, usiku mwingi analala vizuri, na mchana anacheza mpira na wenzake. Tangu miaka ya 1980, madaktari walipoanza kuingiza mrija mwembamba wenye taa katika mapafu ya watu wa aina hii na kuchukua vipande vidogo vya utando ili wavitazame kwa hadubini, walikuta eosinofili na utando uliochubuka kwa watu ambao dalili zao zilikuwa chache sana. Kutobanwa leo hakumaanishi kwamba ndani pamepona. Ni kaa lililofunikwa na jivu.

Pampu ya bluu

Pampu tunayoiona zaidi mikononi mwa watu ni ile ya bluu, yenye dawa ya salbutamoli. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa jina la Ventolin, na hadi leo wapo wanaoziita pampu zote za bluu kwa jina hilo. Dawa hii hufika kwenye misuli ya njia za hewa, hushika vipokezi vyake, na misuli hulegea. Ndani ya dakika tano mtu anapata pumzi, na nafuu hiyo hudumu saa nne hadi sita. Ni dawa nzuri na imeokoa roho nyingi. Kila mwenye pumu anatakiwa awe na dawa ya kumfungua kifua karibu yake.

Lakini tazama imefanya nini: imelegeza misuli, basi. Utando bado umevimba, eosinofili bado zipo, ute bado unatengenezwa. Na ikitegemewa peke yake kila siku kwa wiki kadhaa, mambo huharibika zaidi, kwa sababu vipokezi vyake hupungua na njia za hewa huwa nyepesi zaidi kuchokozwa na vumbi na vizio vingine. Mtu huvuta mara mbili, kisha mara nne, kisha pampu ya mwezi haimalizi wiki mbili, na yeye anaamini anajitibu kwa bidii. Nafuu inayopatikana haraka ndiyo inayomficha ugonjwa wake.

Uingereza walifanya uchunguzi wa vifo vya pumu, ukatolewa mwaka 2014. Walipitia vifo 195. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu waliopewa zaidi ya pampu 12 za bluu katika mwaka wao wa mwisho. Walikuwamo pia waliokuwa wakitibiwa kama wenye pumu nyepesi. Hawakuwa wengi, lakini walikuwamo, na neno "nyepesi" halikuwakinga.

Pampu inayotibu uvimbe

Pampu ya pili ina dawa ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi. Beklometasoni ya kuvuta ilianza kutumika mwaka 1972. Mara nyingi pampu yake ni ya rangi ya kahawia au ya machungwa, ila rangi hubadilika kwa kiwanda, kwa hiyo soma jina la dawa usitazame rangi pekee. Steroidi hizi hazihusiani na zile za wanyanyua vyuma. Zinafanana na homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Dawa huingia ndani ya seli za njia za hewa mpaka kwenye kiini chake, na huko huzima zile amri zinazoita uvimbe. Eosinofili zikikosa ishara ya kuendelea kuishi hufa na kuondolewa. Ute hupungua. Utando uliochubuka huanza kujijenga upya. Tena steroidi huongeza vile vipokezi vya misuli vilivyopungua, hivyo pampu ya bluu yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi siku inapohitajika.

Lakini haya hayafanyiki kwa dakika tano. Nafuu huanza kuhisiwa baada ya siku kadhaa hadi wiki, na wepesi wa njia za hewa kuchokozeka huendelea kupungua kwa miezi. Hapa ndipo watu wengi huiacha. Mtu huvuta pampu ya kahawia akiwa amebanwa, haoni kitu, akasema dawa hii haifai, akairudisha kabatini. Ni sawa na mtu anayemwagilia mche asubuhi na jioni akaulizia nazi.

Ushahidi wake si wa jana. Mwaka 1991 madaktari wa Finland walitangaza matokeo ya miaka miwili kwa watu 103 ambao pumu yao ilikuwa nyepesi na ndiyo kwanza imegunduliwa. Wengine walipewa budesonidi, wengine dawa ya kulegeza misuli ya jamii ile ile ya salbutamoli. Waliopewa budesonidi walipata dalili chache, pumzi zao zikawa na nguvu zaidi, na njia zao za hewa hazikuchokozeka kirahisi kama awali. Mwaka uliofuata, huko huko Finland, vilitazamwa vipande vya utando baada ya miezi mitatu ya dawa. Kwa waliovuta steroidi, chembe za uvimbe zilipungua na vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma ute nje vilirudi. Dawa ya kulegeza misuli haikuleta ukarabati huo.

Kisha ukaja utafiti mkubwa, uliotangazwa mwaka 2003, wa watu zaidi ya 7,000 katika nchi 32, watoto na watu wazima, wote pumu yao ni nyepesi na ya karibuni. Kuvuta budesonidi kidogo mara moja kwa siku kulipunguza hatari ya shambulio kali la kwanza kwa asilimia 44. Na kutoka jimbo la Saskatchewan, Canada, hesabu iliyotangazwa mwaka 2000 ilionesha kwamba kila pampu moja zaidi ya steroidi ambayo mgonjwa aliitumia kwa mwaka iliambatana na kupungua kwa hatari ya kufa kwa pumu kwa takriban asilimia 21.

Dawa hii haiondoi pumu moja kwa moja. Ukiiacha, uvimbe hurudi taratibu, mara nyingi ndani ya wiki chache. Ndiyo maana haiachwi kwa sababu tu kifua kimetulia. Kimetulia kwa sababu yake.

Pampu ya mchanganyiko

Siku hizi ipo pampu yenye dawa mbili pamoja: budesonidi ya kutibu uvimbe na formoteroli ya kufungua kifua. Formoteroli hufungua haraka, na nguvu yake hudumu karibu saa 12. Faida yake ni kuwa mtu mwenye pumu nyepesi, anayejijua kuwa atasahau dawa ya kila siku, kila anapovuta kwa kubanwa huwa amepata na dawa ya uvimbe papo hapo. Utafiti wa watu 3,849 uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta kuwa waliovuta mchanganyiko huu pale tu walipohitaji walipata mashambulio makali pungufu kwa asilimia 64 kuliko waliovuta dawa ya kulegeza misuli peke yake.

Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, likaacha kupendekeza pampu ya bluu peke yake kwa watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 12, hata wenye pumu nyepesi. Pale ambapo pampu ya mchanganyiko haipatikani au bei yake haishikiki, jopo hilo linataja njia nyingine: kila unapovuta ya bluu, vuta na ya steroidi pamoja nayo. Mzee mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 apangiwe na daktari wake, kwa kuwa vipimo vyao ni vingine.

Hofu ya steroidi

Tunasikia mara nyingi: "pampu inazoesha", "ukianza huachi", "steroidi itamnenepesha mtoto". Hofu hii haikutoka hewani. Vidonge vya steroidi vikitumiwa muda mrefu vina madhara makubwa kweli: sukari, mifupa, uso kufura. Lakini linganisha vipimo. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 ni mikrogramu 5,000. Mtoto anayevuta mikrogramu 100 asubuhi na 100 usiku atahitaji siku 25 kufikisha uzito huo, na sehemu kubwa ya dawa inayofanya kazi inafanyia pale pale kwenye njia za hewa. Nguvu za dawa hizi mbili hazilingani sawasawa, kwa hiyo hesabu hii isichukuliwe kama mizani ya duka la dhahabu, lakini inaonesha umbali uliopo. Na mtoto ambaye pampu ya steroidi inaogopwa kwake ndiye huyo huyo anayeishia hospitali mara mbili tatu kwa mwaka akipewa vidonge vyenyewe au sindano.

Kuhusu urefu, jambo lipo na halifai kufichwa. Utafiti wa Marekani uliowafuata watoto takriban 1,000 mpaka utu uzima ulikuta waliotumia budesonidi kila siku walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2. Mzazi aipime sentimita hiyo na usiku wa kubanwa.

Madhara yanayoonekana zaidi ni ya mdomoni: utando mweupe wa fangasi na sauti kukwaruza. Dawa yake ni kusukutua na kutema kila baada ya kuvuta.

Kwa mtoto, na kwa mtu mzima asiyeweza kulinganisha pumzi na kubonyeza, spesa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bila spesa, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kubaki hapo. Isipopatikana dukani, chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita inatosha. Madaktari wa Cape Town walitangaza mwaka 1999 kuwa chupa ya namna hiyo, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuingia mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni kwa gundi hewa isivuje, ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani kwa watoto waliobanwa. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi mara tano au sita kwenye mdomo wa chupa, kisha ndipo ubonyeze ya pili.

Kwa aliyefunga

Maulamaa wametofautiana. Shaykh Ibn Baz na Shaykh Ibn 'Uthaymiyn, Allaah awarehemu, wameona kuwa pampu ya pumu haibatilishi swaumu, kwa kuwa inakwenda mapafuni, si chakula wala kinywaji wala haina maana yake. Wanaoifuata kauli hii huongeza kwamba pampu ya kawaida ina takriban mililita 10 kwa mivuto 200, yaani kila mvuto ni sehemu ya ishirini ya mililita, na kinachofika tumboni ni kidogo kuliko maji yanayobaki mdomoni baada ya kusukutua katika udhu.

Upande wa pili wapo wanaoona inabatilisha, na miongoni mwao ni Daar al-Iftaa ya Misri. Hoja yao inafahamika vyema kwetu sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi'i: kitu chenye mwili kikiingia ndani kupitia tundu lililo wazi, kwa makusudi, kinafunguza, kiwe kidogo au kingi. Jopo la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitoa orodha ya matibabu yasiyobatilisha swaumu, lakini suala la pampu ya pumu liliahirishwa. Kwa hiyo asilaumiwe anayefuata kauli ya shaykh wake katika hili.

Tunachoweza kuongeza kwa upande wa tiba ni mawili. Kwanza, mvuto wa pampu si hewa tupu. Ni dawa, na kiasi chake hubaki mdomoni na kooni, hasa bila spesa. Anayemwuliza shaykh amweleze hivyo ili jibu lisimame juu ya sura sahihi. Pili, aliyebanwa mchana avute papo hapo. Hili halina khilafu. Tofauti ya maulamaa iko katika kulipa siku hiyo au kutolipa, na mgonjwa amekwishapewa ruhusa katika Suratul-Baqarah, aya ya 184 na 185. Kuvumilia kubanwa mpaka adhana ya Magharibi si uchamungu, na watu hufa kwa hilo.

Lakini rudi kwenye pampu ile ya pili. Dawa ya kutibu uvimbe huvutwa mara moja au mbili kwa siku: baada ya futari, na wakati wa daku kabla ya alfajiri, kisha mtu akasukutua na kutema kabla ya adhana. Uvimbe ukishatulia, haja ya kuvuta mchana huwa nadra, na lile swali la kufunguza huenda lisimfike kabisa mwezi mzima. Ila isianzwe usiku wa kuandama mwezi, maana tumeona inachukua wiki. Anayeianza Rajab au mwanzoni mwa Sha'baan, Ramadhani humkuta kifua kimetulia. Na mwenye kuitumia asiiache kwa sababu amefunga, akabaki na ya bluu peke yake. Huko ni kuibadilisha tiba kwa kituliza.

Neno dogo kuhusu udi na ubani, na wazee wetu watusamehe. Utafiti uliofanywa Oman na kutangazwa mwaka 2009 ulikuta kuwa nyumba zinazofukiza hazikuwa na watoto wengi zaidi wenye pumu, lakini kwa mtoto ambaye tayari anayo, moshi ule ni kichocheo cha kawaida cha kubanwa. Nguo zifukizwe chumba kingine au uani, mtoto akiwa mbali, hasa siku za Idi.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Hesabu pampu za bluu zilizotumika nyumbani. Zikifika tatu kwa mwaka kwa mtu mmoja, au akihitaji kuvuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, uvimbe haujatulia na anahitaji kuonana na daktari kwa utaratibu, si kununua ya nne.

Lakini mtu asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani kila anapovuta, midomo au kucha zinazogeuka rangi ya buluu, usingizi usio wa kawaida katikati ya kubanwa, au pampu ya bluu ambayo nafuu yake haifiki saa nne, huyo aondolewe nyumbani saa hiyo hiyo. Njiani aendelee kuvuta ya bluu kwa spesa, mivuto minne hadi kumi kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Walioko Tumbatu, Kojani na visiwa vingine vidogo waondoke mapema zaidi, kwa kuwa kuna chombo cha kusubiri na maji ya kuvuka, na wachukue pampu zote anazotumia mgonjwa, pamoja na ile ya steroidi, ili daktari ajue alikuwa akivuta nini na kwa muda gani.